Kadi nyingi, lahaja nyingi: hali ya diski aulizwe nani?

Fungua kabati la seva la ofisi ya kati hapa Arusha, iwe ya kampuni ya utalii kule Njiro, shule ya bweni au maabara ya hospitali, na mara nyingi utakuta mashine zisizo na udugu. Juu kuna Dell PowerEdge R720 iliyonunuliwa mtumba, ndani ina PERC H710, kadi ya RAID, yaani ile inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama kundi moja. Chini yake HP ProLiant DL380 Gen9 yenye Smart Array P440ar. Pembeni kuna boksi lililoungwa na fundi, lina diski nne za SATA, aina ya kawaida ya kompyuta za mezani, zilizochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, pamoja na kadi ya Adaptec iliyokuja na mzigo wa Dubai. Ukiteremka Moshi picha ni ileile, kinachozidi ni joto la chumba. Kila mashine ilinunuliwa kwa bajeti ya mwaka wake, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja zote zitatakiwa kujibu swali moja: diski gani inaumwa?

Mafundi hawakubaliani nani aulizwe swali hilo. Wapo wanaosema iulize diski yenyewe, kadi ya RAID ni bomba tu la kupitishia. Wapo wanaosema kadi ndiyo inayoamua diski ibaki kundini au itolewe, basi neno lake ndilo linalohesabika. Wengine wanataka kadi ivuliwe mamlaka kabisa. Na yupo mhasibu, anayeuliza kwa nini usinunue diski mbili za akiba ukalala.

Tuanze na mhasibu, maana hesabu yake si mbaya. Seva 3 zenye diski 8 kila moja ni diski 24. Tuchukue kwa mfano kwamba diski 2 kati ya 100 hufa kila mwaka: utazika moja kila baada ya miaka miwili hivi. Zilizotumika zitakufa haraka zaidi, lakini hata ukizidisha mara tatu bado ni diski moja na nusu kwa mwaka. Taa ya kahawia itawaka, mtu ataiona, atachomoa, atachomeka. Tafiti nazo zinamsaidia. Watafiti wa Google walipochapisha matokeo yao mwaka 2007, zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya ishara nne nzito za SMART, vipimo vya afya ambavyo diski hujiwekea yenyewe. Backblaze, kampuni ya kuhifadhi data mtandaoni, mwaka 2016 walipata picha nzuri kidogo: asilimia 76.7 ya diski zao zilizokufa zilikuwa na angalau kipimo kimoja juu ya sifuri kati ya vitano wanavyovifuata, yaani namba 5, 187, 188, 197 na 198. Bado karibu robo ziliondoka bila kuaga.

Kinachomponyoka mhasibu ni diski ya pili. Kundi la RAID 5, mpangilio unaovumilia kifo cha diski moja tu, lenye diski nne likipoteza moja, kadi inalazimika kusoma kila sekta ya zile tatu zilizobaki ili kuijenga upya ile iliyokufa. Kwa diski ya TB 4 inayosomwa kwa MB 150 kwa sekunde hiyo ni saa saba na nusu ikiwa hakuna mtu anayefanya kazi, na mchana wa kazi huwa ni zaidi sana. Sekta iliyoharibika kimyakimya miezi sita iliyopita kwenye mojawapo ya zile tatu inajitokeza sasa, wakati ambapo hakuna tena pa kuitoa nakala yake. Taa yake haikuwaka kwa sababu diski hiyo haikuwa imekufa. Utafiti uleule wa Google unaotumiwa kuibeza SMART ulionyesha pia kwamba diski ikipata kosa lake la kwanza la kusoma uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa hilo. Kwa hiyo data hizi hazikusanywi kwa ajili ya kutabiri nani atakufa kesho tu. Zinakusanywa ili ujue kama waliobaki wataweza kubeba jeneza. Na huku kwetu diski ya akiba ya SAS, aina ya diski za seva, ya inchi 2.5 ya kizazi cha zamani haipo rafuni kila siku. Ikipatikana Kariakoo inalala njiani kwenye basi, na isipopatikana unaanza kupigia simu Nairobi. Usiku huo mmoja au miwili kundi linatembea na mguu mmoja.

Basi tukubaliane kwamba data zinahitajika. Kambi ya kwanza inazitafuta kwa `smartctl`, ya furushi la smartmontools. Ni programu huria, ipo kwenye hazina ya karibu kila Linux, na tangu toleo la 7.0 la mwishoni mwa 2018 inatoa majibu kwa JSON, muundo unaosomwa kirahisi na programu, ukiipa `-j`, hivyo skripti haina haja tena ya kukatakata maandishi kwa `awk`. Nguvu yake kubwa ni kujua njia za kupenya kadi. Linux iliyo kwenye R720 haioni diski nane. Inaona `/dev/sda` moja inayojiita PERC H710. Ukiandika `smartctl -a /dev/sda` inakataa na kukuelekeza uongeze `-d megaraid,N`. Kwenye HP njia ni `-d cciss,N` kupitia `/dev/sg` ya kidhibiti, ambayo unaipata kwa `lsscsi -g`. Adaptec inataka `-d aacraid,H,L,ID`. Kadi za kale za 3ware ni `-d 3ware,N` juu ya `/dev/twa0` au `/dev/twl0`, na Areca inadai hadi namba ya kasha, `-d areca,N/E`. Amri moja, lahaja tano.

Hiyo N ndiyo inayowaangusha wengi. Kwenye kadi za MegaRAID (na PERC ya Dell ni ukoo huohuo) N si namba ya sloti iliyoandikwa kwenye uso wa seva. Ni DID, namba ambayo kadi yenyewe imeipa diski, na unaiona kwenye safu ya pili ya jedwali la `storcli64 /c0/eall/sall show`, programu ambayo Dell huitoa kwa jina la `perccli64`. Tazama mfano huu, ambapo diski ya sloti ya 2 imewahi kubadilishwa:

```
EID:Slt DID State DG       Size Intf Med
32:0      0 Onln   0 558.375 GB SAS  HDD
32:1      1 Onln   0 558.375 GB SAS  HDD
32:2      9 Onln   0 558.375 GB SAS  HDD
32:3      3 Onln   0 558.375 GB SAS  HDD
```

Skripti inayozunguka kutoka 0 hadi 3 itasoma diski tatu, itapata kosa kwenye 2, na kama imeandikwa iruke makosa, diski ya sloti hiyo haitasomwa tena hadi siku ya msiba. Dawa ni kutokisia: chukua DID kwenye jedwali kila unapokusanya. HP wana mtego wa jinsi hiyohiyo. `cciss,0` ni ya kwanza kwa mpangilio wa kadi, wakati `ssacli` inaitaja diski kwa anwani kama `1I:1:3`, yaani mlango, kasha na nafasi. Njia ya kuzioanisha bila wasiwasi ni namba ya siriali, ambayo pande zote mbili zinaionyesha.

Mtego mwingine ni namba ambayo `smartctl` inaiacha inapomaliza kazi. Wengi huichukulia kama ya programu nyingine yoyote: sifuri ni salama, isiyo sifuri ni balaa. Lakini ile ni jumla ya biti nane, kila moja na maana yake. 2 maana yake diski haikufunguka kabisa. 4 maana yake amri fulani ya SMART haikupita, jambo la kawaida nyuma ya kadi ya RAID, kwa kuwa kadi nyingi hazipitishi kila kitu. 8 ndiyo diski inajitangaza kwamba inakufa. 16 ni kipimo kilichovuka kikomo cha mtengenezaji. 64 ni kwamba daftari la makosa lina kitu ndani, hata kama ni kosa moja la miaka mitatu iliyopita. Ukiwa na skripti inayopiga kelele kwa chochote kisicho sifuri, diski yenye 64 ya kudumu itakutumia ujumbe kila siku mpaka uzime arifa zote, na hapo 8 ikija hakuna atakayeisoma. Ukiwa na ile inayopuuza namba hiyo, 2 itaonekana sawa na afya njema. Tenganisha biti kwa biti, na usiruhusu 2 ipite bila jina.

Kambi hii ina udhaifu mmoja ambao wapenzi wake hawapendi kuutaja: `smartctl` inakuletea maneno ya diski, na diski hazisemi lugha moja. SATA ina jedwali la vipimo vyenye namba. SAS haina jedwali hilo kabisa. Inakupa idadi ya kasoro zilizoongezeka tangu kiwandani, "Elements in grown defect list", na safu ya makosa yasiyorekebishika kwa kusoma, kuandika na kuhakiki. Skripti iliyozoea kutafuta `Current_Pending_Sector`, sekta zenye mashaka kwenye SATA, ikikutana na SAS hairudishi chochote, na "hakuna" ikiandikwa kama 0 umeshajidanganya. SSD (diski zisizozunguka) za SATA ni vurugu zaidi: Samsung huandika uchakavu kwenye kipimo cha 177, Intel kwenye 233. NVMe, aina mpya zaidi ya SSD, angalau ina "Percentage Used" iliyo sawa kwa wote, na inaruhusiwa kupita 100, kwa hiyo usishtuke ukiona 104. Na ukiiona Seagate ya SATA ina mamilioni kwenye kipimo cha 1 au cha 7, usikimbilie kuichomoa. Thamani ghafi pale ni mchanganyiko wa hesabu mbili, haisomwi kama idadi ya makosa.

Sasa kambi ya kadi. Hoja yake nzito kuliko zote, na kwa mazingira yetu ndiyo ya kwanza, haihusu diski hata kidogo. Inahusu betri. H710 ina kache, kumbukumbu ya muda, inayopokea maandishi na kuiambia Linux "tayari" kabla diski hazijaandika. Umeme ukikatika, betri ya kadi ndiyo inayoyashika maandishi hayo. Betri ikichoka, kadi yenye mipangilio salama hubadili mwendo na kuandika moja kwa moja kwenye diski, na mfumo wa uhasibu unaanza kukokota miguu bila sababu inayoonekana. Yenye mipangilio ya kulazimisha inaendelea kuandika kwenye kache isiyo na ulinzi, kisha jioni ya mvua umeme unaondoka. `smartctl` haitakuambia lolote katika hayo hata ukiiuliza kila dakika, maana diski haijui kwamba kuna betri. Anayejua ni kadi: `perccli64 /c0/bbu show all`, au `/cv` kwa zile zenye kapasita, na kwa HP `ssacli ctrl all show status`. Seva ya mtumba ambayo betri yake haijawahi kubadilishwa iangaliwe hapo kabla ya kuangalia kipimo kingine chochote. Ila kumbuka kwamba betri za MegaRAID hujipima zenyewe mara kwa mara kwa kujimaliza na kujichaji, na wakati huo kadi inaweza kuingia kwenye mwendo wa polepole kwa saa chache. Arifa isubiri zaidi ya hapo kabla ya kupiga kelele.

Kadi pia ndiyo inayofanya ukaguzi wa doria, kusoma diski zote polepole kutafuta sekta mbovu. Kwa kawaida ya MegaRAID ni kila saa 168, yaani mara moja kwa wiki. Inayopata inaitibu kwa kutumia nakala iliyo kwenye diski nyingine, kitu ambacho kipimo kirefu cha `smartctl -t long` hakiwezi: chenyewe kinagundua na kuishia hapo. Kwa hiyo kwenye kundi la RAID ya kadi sioni haja ya kuendesha vyote viwili. Hakikisha doria haijazimwa (`/c0 show patrolread`), na kipimo kirefu kiachie diski zisizo na kadi.

Lakini programu za watengenezaji ni mzigo wa aina yake. Ni faili zilizofungwa, hazimo kwenye hazina ya Debian, zinatafutwa kwenye tovuti zinazobadilisha anwani kila kampuni inapouzwa, na nyingine zimeacha kutengenezwa. `storcli` ina JSON ukiongeza herufi `J` mwishoni, ingawa ndani yake kuna sehemu zinazobaki kuwa maandishi yenye nafasi za kuhesabu. `ssacli` inatoa maandishi ya kusomwa na binadamu, na skripti yako itavunjika siku neno moja litakapobadilishwa. Ukiwa na kadi nne za ukoo tofauti unatunza vichambuzi vinne. Hesabu za kadi nazo zisifanywe za kudumu: "Media Error Count" ni makosa ya uso wa diski, "Other Error Count" kwa kawaida ni njia, yaani kebo, soketi au umeme, na skripti iandikwe ikijua kwamba kaunta yoyote inaweza kurudi sifuri. Hifadhi kila somo na saa yake, usitegemee namba ya mwisho.

Wanaotaka kukwepa haya yote hupitia mlango wa nyuma, ile kompyuta ndogo ya usimamizi ndani ya seva: iDRAC kwa Dell, iLO kwa HP. Kiwango cha Redfish, kilichotolewa na shirika la viwango la DMTF mwaka 2015, kinaruhusu kuuliza hali ya diski kwa HTTPS bila kugusa mfumo wa uendeshaji. Kwa seva zinazoendesha ESXi, mfumo wa kuendeshea mashine pepe, hii mara nyingi ndiyo njia nyepesi. Shida ni kwamba jibu ni jembamba. `FailurePredicted` ni ndiyo au hapana, na hapana hiyo hubaki hapana mpaka dakika za mwisho. Kadi uliyoichomeka mwenyewe kwenye sloti ya PCIe mara nyingi haionekani huko. Na seva ya mtumba huja na nenosiri la mmiliki wa zamani, au fimwea (programu ya ndani ya kifaa) ya zamani isiyojua Redfish kabisa. Njia hii ni nzuri kama shahidi wa kando, si wa pekee.

Kuna wanaosema tatizo zima ni kadi. Igeuze iwe bomba kweli, kila diski ionekane peke yake, uache programu kama ZFS au `mdadm` ifanye kazi ya RAID. P440ar na PERC H730 zina mwendo huo rasmi. H710 haina, labda uibadilishe fimwea kwa njia za mtaani. Faida ni kubwa: `smartctl /dev/sdc` inajibu moja kwa moja, na diski ukizihamishia mashine nyingine zinasomeka bila kutafuta kadi ya aina ileile. Unachopoteza ni kache yenye betri, na kwa hifadhidata inayoandika vipande vidogovidogo juu ya diski za kuzunguka, tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Nisichokipendekeza ni ujanja wa katikati, kuifanya kila diski iwe RAID 0 yake. Hapo umebaki na ukuta wa kadi na umepoteza faida yake, na diski ikifa lazima uingie kwenye kadi kuunda kundi jipya kabla ZFS haijaiona mpya. Kwa seva mpya ningechagua bomba. Kwa iliyokwisha kujaa data na inafanya kazi, kubadilisha mwendo wa kadi ni kufuta kila kitu, kwa hiyo mjadala huo uahirishwe hadi siku ya kuhama.

Ndiyo maana kwa kabati lenye mchanganyiko naona mashahidi wote wawili waulizwe, kwa sababu thamani kubwa iko pale wanapopishana. Kadi ikisema `Onln`, yaani diski iko kazini, huku diski ikionyesha makosa yasiyorekebishika yanayopanda kila wiki, iamini diski: agiza nyingine sasa, kabla kundi halijapungua. Ikiwa kinyume, kadi imeitoa diski na diski inasema haina kasoro hata moja, usikimbilie kuitupa. Tazama "Other Error Count", na kwa SATA kipimo cha 199, ambacho kinahesabu data zilizoharibikia njiani. Mara nyingi mkosaji ni kebo au soketi. Kama ni diski ya kompyuta ya mezani iliyowekwa kwenye seva kwa kubana matumizi, sababu huwa nyingine: ikikutana na sekta ngumu inang'ang'ana nayo kwa muda mrefu kuliko uvumilivu wa kadi, kadi inaihesabu imekufa. `smartctl -l scterc` inakuonyesha kama ina kikomo. Za seva huwa na 70 na 70, yaani sekunde 7. Nyingi za mezani hazikubali kuwekewa.

Makosa makubwa ya ukusanyaji hayako kwenye kuchagua chombo. Yako kwenye ukimya. Diski inayoumwa ndiyo hasa inayochelewa kujibu, hivyo skripti inakwama siku ileile inayohitajika. Ikiitwa tena baada ya nusu saa inakwama ya pili juu ya ya kwanza, na asubuhi unakuta michakato arobaini imelala kwenye hali ya D, ya kungoja diski, isiyouawa hata kwa `kill -9`. Weka `flock` ili isijirundike, `timeout 60` kwa kila diski ingawa haitoshi peke yake, na soma diski mojamoja ili mgonjwa asiwanyamazishe wazima. Ukitumia Prometheus, mfumo wa kukusanya vipimo na kutoa arifa, na faili za maandishi za `node_exporter`, andika kwenye faili la muda kisha `mv`, na uweke arifa juu ya `node_textfile_mtime_seconds`: faili lisiloguswa kwa saa mbili ni arifa, hata kama namba zote zilizomo ni nzuri. Kisha idadi. Seva inatarajiwa kuwa na diski 8. Zikisomeka 7, hiyo ni arifa ya daraja moja na diski kufa.

Kasi ya kuuliza isitiwe chumvi. `smartd` yenyewe, programu ya smartmontools inayoangalia diski muda wote, kwa kawaida huuliza kila sekunde 1800, na nusu saa inatosha kwa hesabu za makosa. Amri hizi hupanga foleni pamoja na kazi za watu, na kila dakika tano kwenye kadi ya zamani ni kujitafutia malalamiko.

Kitu ambacho wengi hawakikusanyi kwa kuwa hakionekani kama afya ni utambulisho: modeli, fimwea na saa za kuwaka. Novemba 2019 HPE, kampuni iliyorithi seva za HP, walitangaza kwamba baadhi ya SSD zao za SAS zitakufa zikifika saa 32,768 za kuwaka, miaka 3, siku 270 na saa 8, bila kurudi tena, mpaka ziwekewe fimwea ya HPD8. Machi 2020 likaja tangazo la pili, safari hii ni saa 40,000. Hakuna kipimo cha makosa cha SMART ambacho kingenong'ona. Diski zilizonunuliwa pamoja na kuwashwa pamoja zingekufa ndani ya saa zilezile, na RAID yote nazo. Mwenye jedwali la modeli, fimwea na saa alijijibu kwa dakika tano. Asiyekuwa nalo alipita seva hadi seva. Na kwa wanunuzi wa mtumba jedwali hilo lina kazi ya pili: diski inayouzwa "kama mpya" ikiwa na saa 50,000 imekwisha fanya kazi karibu miaka sita.

Joto nalo lina hesabu ya kwetu. Daraja la A2 la ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa joto na hewa, ambalo seva nyingi zimeundiwa, linaruhusu hewa inayoingia kufika 35°C, lakini kikomo hicho kinashuka 1°C kwa kila mita 300 ukipita mita 900, kwa kuwa hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Arusha mjini iko karibu mita 1,400, kwa hiyo 35 yako ni kama 33. Moshi mjini haiguswi sana na punguzo hilo, ila Januari na Februari joto la nje lenyewe linaweza kuikaribia namba hiyo. Diski nyingi za seva zina kikomo cha 60°C. Arifa kwa 45°C za wiki nzima ina maana zaidi kuliko ile ya kilele cha dakika kumi, na diski moja ikiwa juu ya jirani zake kwa nyuzi nane, kagua feni na trei tupu isiyofunikwa kabla ya kuilaumu.

Baki na ufunguo mmoja wa kuunganishia kila kitu: namba ya siriali. `/dev/sda` hubadilika seva ikiwashwa upya, DID hubadilika diski ikibadilishwa, sloti hubadilika mtu akizihamisha wakati wa kufuta vumbi. Na siku ya kuchomoa ndiyo siku ya kuchomoa isiyo yenyewe, kosa linaloangusha makundi ya RAID 5 yaliyokuwa yamebakiza pumzi. Washa taa kwanza, `perccli64 /c0/e32/s2 start locate` au `ssacli ctrl slot=0 pd 1I:1:3 modify led=on`, halafu linganisha siriali iliyo kwenye arifa na iliyo kwenye karatasi uliyobandika ndani ya mlango wa kabati: sloti, siriali, tarehe ya kuwekwa. Safu ya katikati iandikwe kwa penseli.